Truckin': jarida lililofundisha vijana kulaza pikapu

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi rangi hapa Morogoro, napiga rangi na kuandika maandishi kwenye daladala na malori. Nimenunua majarida manne ya Kimarekani yaitwayo Truckin' kwa muuza vitabu vya mitumba. Ndani mna pikapu kama zetu, Datsun, Mazda, Toyota, ila zimelazwa mpaka zinakaribia kugusa lami, na rangi zake sijawahi kuziona. Jarida moja halina jalada, limenyofolewa kama kwa makusudi. Naomba historia yake: lilianzaje, mbona Wamarekani wenye magari makubwa walishughulika na pikapu ndogo za Kijapani, na kwa nini naambiwa halichapwi tena? Na nitajuaje umri wa lile lisilo na jalada?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umenigusa pazuri. Nilifanya kazi ya bodi kwenye gereji moja ya Long Beach, California, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na pale Truckin' lilikuwa kifaa cha kazi kama jeki na msasa. Halikukaa rafuni. Lilikaa sakafuni chini ya gari, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye picha za hatua kwa hatua, limejaa alama za vidole vya grisi. Ukikuta alama kama hizo kwenye nakala zako, usizifute.

Truckin' lilianza mwaka 1975, huko huko California ya kusini ambako ndiko wazimu wote wa magari ya kurembwa ulikozaliwa. Kile kialama cha juu mwishoni mwa jina kinashika nafasi ya herufi g iliyomezwa, maana vijana hawakuitamka. Jina lenyewe lilikuwa la mtaani tangu mwanzo.

Ungelipata toleo la miaka ile ya kwanza ungeshangaa, maana ungekuta mabasi madogo mengi kuliko pikapu. Vijana wa Kimarekani wa miaka ya 1970 walipenda mno vani, zile Ford Econoline, Dodge na Chevrolet zilizotengenezwa kubebea mabomba na vifaa vya mafundi. Walizitandika zulia sakafuni, ukutani na hata darini, wakaweka kitanda nyuma na redio yenye spika kubwa, wakakata vidirisha vya mviringo au vya umbo la chozi ubavuni. Halafu ubavu mzima wakaugeuza turubai la mchoraji: milima yenye theluji, machweo ya jangwani, simba, mashujaa wenye mapanga. Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu ya upepo, ile inayopuliza rangi, na wewe unayechora ubavuni mwa daladala ungeielewa kwa mtazamo mmoja. Mwaka 1973 wenye vani walifanya mkutano wao wa kwanza wa kitaifa katika jimbo la Colorado. Kwa kuwa vani huko huhesabiwa katika kundi la malori mepesi, jarida la malori likawa na haki ya kuzibeba.

Kilichoziua ni mafuta. Bei ilipanda mwaka 1973 Waarabu walipoifungia Marekani mafuta, ikapanda tena mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Mwaka huo wa pili, California ilifikia kupanga zamu kwenye vituo: namba ya gari yako ikiishia na tarakimu shufwa unajaza siku hii, ikiishia na witiri unasubiri kesho. Kijana mwenye vani yenye injini ya silinda nane na zulia mpaka darini alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Macho yakageukia pikapu ndogo.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoyapenda magari haya hawajui kwamba historia yake imepitia kwenye banda la kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa Kimarekani wa kufugwa kwa wingi walikuwa wanauzwa rahisi sana Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi. Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha ushuru wa kuku hao. Wamarekani walibembeleza, hawakusikilizwa, na Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akatia saini kisasi: ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa chache kutoka nje. Wanga wa viazi, dekstrini inayotokana na wanga, brandi ya bei kubwa, na malori mepesi. Lililolengwa upande wa magari lilikuwa Volkswagen, lile basi dogo la Kijerumani lililouzwa pia kama gari la mizigo. Ila ushuru haukuchagua nchi. Ulimkamata kila aliyetaka kuingiza pikapu Marekani, na Mjapani akiwemo.

Wajapani na washirika wao wakaisoma sheria mstari kwa mstari. Wakakuta kwamba pikapu kamili inalipiwa asilimia 25, lakini kebini na chesisi bila bodi ya nyuma vinalipiwa asilimia 4 tu. Basi wakawa wanashusha bandarini kebini na chesisi, na bodi ya nyuma inafungwa ndani ya Marekani. Ndivyo zilivyoingia Ford Courier, ambayo ni Mazda iliyobandikwa jina la Ford, na Chevrolet LUV, ambayo ni Isuzu. Zote mbili zilianza kuuzwa huko mwaka 1972. Subaru wao walipita mlango mwingine kabisa. Pikapu yao ya BRAT waliifungia viti viwili vya plastiki nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, vinatazama ulikotoka, ili forodhani ihesabiwe kuwa gari la abiria. Mwanya wa kebini na chesisi ulizibwa mwaka 1980, ndipo Nissan wakajenga kiwanda Smyrna, jimbo la Tennessee, na pikapu ya kwanza ikatoka humo mwaka 1983.

Kwa hiyo wakati vani zinaanguka, uwanjani kulikuwa tayari na pikapu ndogo za bei ambayo kijana wa miaka 19 anayefanya kazi dukani angeweza kuilipa kidogo kidogo. Zilikuwa tupu kabisa ndani, na utupu huo ndio uliomfaa. Gari lililokuja na kila kitu humwachia mwenyewe kidogo sana cha kuongeza.

Kisha kuna namna zilivyotengenezwa. Nenda kwenye Hilux ya zamani ya kuvuta tairi za nyuma, au Datsun 620, uingie chini uangalie. Mbele hakuna springi za kujizungusha. Kuna fito mbili ndefu za chuma zinazojisokota, na nyuma ya kila fito pana bolti ya kurekebisha. Ukiilegeza bolti ile kwa spana, mbele ya gari inashuka, hapo hapo, bila kununua chochote. Nyuma, ekseli imekaa juu ya springi bapa. Unalegeza yubolti, zile bolti zenye umbo la herufi U, unachomeka kipande cha chuma cha inchi mbili au tatu kati ya springi na ekseli, unakaza tena kwa yubolti ndefu zaidi, na nyuma imeshuka kwa unene wa kile kipande. Jumamosi moja, watu wawili, jeki mbili na stendi, basi. Pikapu kubwa za Kimarekani za wakati ule hazikuwa rahisi hivyo.

Truckin' walichofanya ni kuionesha Jumamosi hiyo kwa picha. Mtu ana spana, mkono wake unaonekana, bolti inaonekana, na chini ya picha sentensi mbili au tatu: legeza hii kwanza, weka stendi pale, usiamini jeki peke yake. Mwezi unaofuata ni bampa, mwezi mwingine ni kuondoa vitasa vya milango na kuziba tundu. Sisi tumezoea kufundishwa kwa kumshikia fundi taa miaka mitatu kabla hajakuruhusu kugusa. Kijana wa Kansas au Alabama ambaye hakuwa na fundi wa aina hiyo karibu alipata fundi kwa posta kila mwezi. Nalisema hili kwa moyo wote: zile kurasa za kazi ndizo zilizokuwa jarida, na mengine yote yalikuwa mapambo.

Tabia yenyewe ya kulaza gari haikuanzia kwa vijana wa pikapu. Waliirithi kwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles na miji ya jirani, waliokuwa wakilaza Chevrolet zao tangu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 California ilitunga sheria iliyokataza gari kuwa na sehemu yoyote iliyo chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga kwenye Corvette yake pampu na silinda za mafuta zilizotokana na vipuri vya ndege, akawa anaweza kulinyanyua gari askari akitokea na kulilaza akishapita. Lowrider, jarida la jamii hiyo, lilianzishwa San Jose mwaka 1977 na vijana watatu, Sonny Madrid, Larry Gonzalez na David Nuñez. Wenye pikapu walijifunza mengi upande huo, na naona kurasa za Truckin' hazikuisema shukrani hiyo kwa kiwango kilichostahili.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa sikukuu. Pikapu ndogo zilienea kiasi kwamba lilizaliwa jarida jingine la kwao peke yao, Mini Truckin'. Rangi za waridi na bluu ya bahari, mistari iliyochanika kama radi, majina ya vilabu yamebandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo cha nyuma. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa bodi ya nyuma kucheza: pampu za mafuta zinainyanyua juu ya chesisi, inainama kushoto, inainama kulia, inazunguka nzima kama feni huku umati unapiga kelele. Gari la hivyo halibebi hata mfuko mmoja wa saruji, na hakuna aliyelinunua kwa ajili hiyo.

Kwa modeli ya mwaka 1988 Chevrolet walitoa pikapu kubwa mpya yenye ubavu laini na mistari iliyonyooka, na mambo yakabadilika tena. Vijana wa pikapu ndogo walikuwa wanaoa na kupata watoto, wakataka kebini pana. Sasa ilibidi kukata chuma. Kwenye pikapu hizo ekseli ya nyuma inakaa chini ya springi, kwa hiyo unaihamishia juu yake, gari linashuka inchi tano au sita kwa mpigo, na ekseli inakaribia kugonga chesisi. Dawa ni kukata chesisi nusu mwezi juu ya ekseli, kisha kurudishia nguvu kwa bamba nene la chuma lenye umbo la herufi C, kwa bolti au kwa kuchomelea. Baadaye ikaja mifuko ya upepo, ndugu yake ile iliyo chini ya mabasi ya kisasa unayoyapanda kwenda Dodoma. Unabonyeza swichi, mfuko unapumua, gari linakaa chini kabisa; unabonyeza tena, linainuka uende zako.

Mimi chesisi ya kwanza nilikata kwenye Mazda B2200 ya mteja aliyetaka mifuko ya upepo. Kurasa za jarida nilizitundika kwa sumaku kwenye mlango. Nilichora nusu mwezi kwa chaki nikifuata picha, nikapima mara tatu, nikawasha grainda. Lililonisaidia ni sentensi moja ndogo chini ya picha ya tano, iliyosema usikate upande wa pili kabla hujamaliza kuchomelea upande wa kwanza. Ningeikosa sentensi ile, chesisi ingejipinda nikiwa nimelala chini yake. Kwa hiyo na wewe, ukitaka kuiga mambo haya, anza na rangi ambayo tayari unaijua. Chesisi usiiguse mpaka uwe na fundi wa kuchomelea unayemwamini, na usilaze gari linalobeba abiria. Pikapu iliyolazwa imepoteza nafasi ya springi kucheza. Ukiipakia mizigo, ekseli inagonga chesisi, na tairi za mbele zilizoinama ndani zinalika upande mmoja.

Nisilifiche na hili, maana umeyaona majalada. Kwa miaka mingi waliweka mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea pembeni ya gari. Ilikuwa desturi ya majarida mengi ya aina hiyo, na iliuza. Kwangu ilikuwa hasara. Nilifanya kazi na dada mmoja aliyekuwa akipiga rangi kuliko sisi sote pale gereji, naye alikuwa akiligeuza jarida kifudifudi kila linapoletwa mezani, kisha anasoma ndani kwa makini. Msomaji kama huyo walikuwa naye bila kumjua.

Sasa kifo cha jarida. Usikubali ukiambiwa ni intaneti tu. Intaneti ilichukua sehemu yake, kwa sababu kazi iliyohitaji picha kumi karatasini sasa ilioneshwa kwa video bure, na wauza vipuri wakapeleka matangazo yao huko. Lakini jarida hili lilikuwa pia limebebeshwa madeni yasiyokuwa yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 lilikuwa mali ya Primedia, kampuni iliyokusanya majarida mengi ya magari chini ya paa moja. Mwaka 2007 Primedia iliyauza kwa Source Interlink kwa dola bilioni 1.2 hivi, fedha za mikopo. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianguka, nyumba zikanadiwa California nzima, na kijana wa kazi za ujenzi aliyekuwa akinunua rimu za inchi 20 akawa hana hata kazi. Aprili 2009 Source Interlink ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Na hapa tunarudi kwenye nakala yako isiyo na jalada. Source Interlink, kabla ya kumiliki majarida, ilikuwa msambazaji: kampuni inayopeleka majarida madukani. Biashara ya vibanda vya magazeti Marekani iliendeshwa kwa utaratibu wa kurudisha. Duka linapokea nakala, zisizouzwa halizilipii, zinafutwa kwenye deni. Kwa kuwa kusafirisha karatasi nzito ni gharama, kwa miaka mingi muuzaji aliruhusiwa kunyofoa jalada tu, au sehemu ya juu yenye jina, akairudisha hiyo kama ushahidi, na mwili wa jarida akatakiwa kuuharibu. Si kila mwili uliharibiwa. Mingi iliuzwa kimyakimya kwa bei ya kutupa. Kama jalada lako limeng'olewa safi kwenye mgongo, na kurasa za ndani hazina mikunjo ya kusomwa, kuna uwezekano mkubwa unashika nakala iliyohesabiwa kuwa imekufa. Biashara iliyolazimika kuchapa nakala nyingi kuliko zinazouzwa, kila mwezi, ili tu zionekane rafuni, haikuwa na pumzi ya kustahimili wasomaji wakipungua.

Mwaka 2014 upande wa usambazaji wa kampuni ile ulifungwa, majarida 12 yakafungwa kwa pamoja, na iliyobaki ikajiita TEN. Truckin' lilipona safari hiyo. Halikupona iliyofuata. Desemba 2019 kampuni ilitangaza kuacha kuchapa majarida 19 kati ya 22. Yaliyobaki ni matatu: Motor Trend, Hot Rod na Four Wheeler. Truckin' lilikuwa kwenye orodha ya waliokwenda, pamoja na Lowrider, baada ya miaka zaidi ya 40 kila moja. Majarida mawili yaliyozaliwa katika jimbo moja la California, kwa tofauti ya miaka miwili, yalizimwa kwa tangazo moja. Mpinzani wao Street Trucks, lisilokuwa la kampuni hiyo, liliendelea kuchapwa, jambo linaloonesha kwamba watu wa pikapu walikuwa bado wapo na bado wanataka karatasi.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, utajuaje umri wa ile isiyo na jalada. Fungua ukurasa wa yaliyomo kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo sana, huwa pameandikwa toleo na mwaka. Kama nao umechanika, tazama magari. Vani nyingi na Datsun za taa za mviringo, uko miaka ya 1970. Nissan zenye mabega ya pembe pembe na Mazda B2200, ni baada ya 1986. Chevrolet kubwa zenye ubavu laini, ni kuanzia modeli ya 1988. Kisha soma matangazo ya nyuma: kama wauza rimu wanatoa namba za simu peke yake, uko kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kama wameanza kuweka anwani za tovuti, umeshavuka. Na ukishindwa kabisa, piga picha kurasa mbili za matangazo ya rangi unitumie. Kopo za rangi za miaka ile nazifahamu kwa sura.